Mama Aliyemtuma Bwana Ireri

Habari za kifo cha Mwalimu Njeru zilinifikia kwa simu, katika kundi la wanawake tuliosoma pamoja zamani. Nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba yangu Kibirichia nikisoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo rambirambi zilivyozidi kumiminika. Mmoja aliandika kwamba huyu ndiye mwalimu aliyemfanya akipende Kiingereza. Mwingine akasema ni mwalimu ambaye hakuwahi kumpiga mtoto wa mtu. Wa tatu, ambaye nakumbuka vizuri alivyokuwa akimwita jasusi, aliandika kwamba alikuwa mzazi aliyetulea sote kwa usawa. Nilizisoma moja moja, na kila moja niliigeuzageuza kama mama anayekagua mayai ya mchuuzi asiyemjua. Aliyemfanya, ambaye hakuwahi, aliyetulea. Nimefundisha watoto wa shule za msingi hadi nikastaafu, na kila mwaka nilipofika kwenye somo hilo la kumweleza mtu kwa kitendo chake cha jana, nilifundisha polepole kupita kiasi, nikirudia, nikiuliza nani alifanya na nani alifanyiwa, mpaka watoto wakachoka nami. Hawakujua ninaogopa nini. Sikuandika chochote kwenye kundi siku hiyo. Mtu aliyekufa alikuwa mtu niliyemshuku mwaka mzima, na nilitaka kwanza nikumbuke sawasawa nilimshuku kwa nini.

Nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ya wasichana ilikuwa chini kidogo ya Runyenjes, pale ambapo majani ya chai yanaishia na kahawa inaanza, na darasa letu lilikuwa limewahi kuwa ghala la kahawa kabla halijapakwa chokaa na kuwekewa madawati. Jua likiwaka, kuta zilitoa harufu ya magunia. Madirisha mawili yalikuwa na vioo, la tatu lilikuwa na kadibodi. Niliketi chini ya lile la kadibodi pamoja na Marigu, msichana mrefu kutoka Ishiara aliyekuwa akilalamikia baridi ya Runyenjes, nami niliyetoka Kibirichia nikimcheka kwa sababu kwangu hiyo haikuwa baridi. Wengi darasani walikuwa Waembu. Kimeru changu na Kiembu chao ni ndugu, lakini ndugu wa kukutana kwenye harusi: nilisikia vya kutosha kujua kwamba mtu anasengenywa, ila si vya kutosha kujua kama ni mimi. Ndiyo maana mwaka ule wote nilizoea kunyamaza wengine wakicheka, nikisubiri nione macho yatamwangukia nani.

Mwalimu Njeru alikuja muhula wa kwanza. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye koti moja la rangi ya kahawia, na suruali aliyokuwa ameibana kwa kibanio cha baiskeli akasahau kukitoa. Alituandikia ubaoni sentensi mbili za Kiingereza, kwamba mwanamke fulani anaishi karibu na mto, na kwamba mwanamke huyo alimwona chui. Halafu akazifuta nusu na kuziunganisha kwa neno moja, who.

"Dakika moja iliyopita huyu alikuwa mwanamke tu, anaishi karibu na mto kama wengine," akasema. "Sasa ni nani?"

"Ni mwanamke aliyemwona chui," tukajibu.

"Akihama mto?"

"Bado ndiye aliyemwona chui."

"Akizeeka? Akifa?"

Tukacheka. "Hata akifa, Mwalimu."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya who. Inamfunga mtu na jambo alilofanya. Kwenye Kiswahili mnalifunga jambo hilo ndani ya kitendo chenyewe: aliyeona, aliyepika, aliyekimbia. Waingereza hawana nafasi ndani ya kitendo chao, kwa hiyo wanaliweka nje, na lazima liwekwe mahali pake. Likikaa pabaya linamfunga mtu mwingine."

Nimeyakumbuka maneno hayo ya mwisho mara nyingi. Siku ile hayakuniingia. Nilichosikia ni kazi aliyotupa baadaye: kila Ijumaa sentensi kumi, na hakutaka kuona chui tena. Alitaka watu tunaowajua na mambo waliyoyafanya kweli. Akanichagua mimi niwe nakusanya madaftari na kuyapeleka chumba cha walimu, kwenye meza iliyokuwa kati ya kabati na mlango wa ofisi ya Madam, mwalimu mkuu wetu.

Wiki tatu za kwanza tuliandika kwa furaha. Tuliandika juu ya babu waliopigana msituni, na shangazi waliokimbia waume zao, na mchungaji aliyesinzia akihubiri. Kisha Marigu akaandika kwamba kapteni wetu wa bweni ndiye msichana ambaye hufungua barua za wenzake kabla hazijawafikia. Lilikuwa jambo la kweli, tulilijua sote, lakini hakuna aliyewahi kulisema mbele ya mkubwa yeyote. Jumatatu asubuhi, gwaride la bendera lilipomalizika, Madam alimwita kapteni mbele akamvua beji yake bila kueleza sababu. Marigu akanishika mkono kwa nguvu.

"Sikumwambia mtu," akaninong'oneza. "Nimeandika tu. Kwa Mwalimu Njeru."

Hivyo ndivyo tulivyopata jasusi. Kuanzia siku hiyo, kila alichofanya Mwalimu kilikuwa na maana ya pili. Alipouliza mtu ametoka wapi, alikuwa anapeleleza. Alipokaa kimya, alikuwa anasikiliza. Kule kwenye bomba la kufulia, wasichana walisema wamemwona akizungumza na Madam chini ya mti wa mgrevilea, na mmoja akaapa kwamba alisikia jina lake likitajwa. Tulikubaliana bila mkutano wowote kwamba hatutaandika tena juu ya mtu aliye hai. Ijumaa iliyofuata madaftari arobaini yalijaa watu wa Biblia. Zakayo alikuwa mtu aliyepanda mti. Mke wa Lutu alikuwa mwanamke aliyetazama nyuma. Yona alikuwa mtu aliyemezwa na samaki, naye alitokea katika madaftari kumi na tisa.

Mwalimu aliyarudisha akiwa amekunja uso. "Zakayo hasomi kidato cha pili," akasema. "Mbona mnaniogopa?"

Tuliinamia madaftari yetu. Nilimtazama alivyouliza, nikajiambia kwamba jasusi mzuri angeuliza hivyo hivyo.

Muhula wa pili ndipo sukari ilipoanza kupungua. Haikukatika siku moja. Chai ya saa nne ilipoteza utamu kidogo kidogo, hivi kwamba mwanzoni kila mmoja wetu alidhani ni ulimi wake. Halafu uji wa asubuhi ukawa wa kumeza ukifumba macho. Madukani sukari ilikuwa adimu mwaka huo, watu walipanga foleni kwa ajili ya kilo moja, na shule yetu ilikuwa inaletewa magunia. Tukaanza kuhesabiana vijiko kwa macho. Walimu waliwashuku wapishi, wapishi waliwashuku wasichana wa zamu, na wasichana walimshuku kila mtu aliyeingia jikoni na kutoka akiwa amevaa leso.

Jikoni palikuwa mahali pangu. Tumbo langu halikuelewana na githeri ya shule, mahindi na maharagwe ya kila siku, na mpishi mkuu, Mama Karimi, alikuwa ameligundua hilo mapema bila mimi kumwambia. Alikuwa mjane wa pale Runyenjes, mwenye sauti ya chini na mikono iliyojaa makovu madogo ya mvuke. Zamu yangu ya kusugua sufuria ilipofika, aliniwekea viazi viwili kwenye majivu, na akanisemesha Kiembu polepole ili nikielewe, huku akikicheka Kimeru changu. Jiko lilikuwa na mlango uliokatwa katikati, nusu ya juu ikifunguliwa moshi utoke, na nyuma yake chumba chenye giza ambapo sufuria kubwa ziliinamishwa. Kutoka chumba hicho mlango mwingine ulikwenda stoo. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia kwenye mshipi wa Bwana Ireri, mtunza stoo, mzee wa kanisa mwenye kofia ya sufi ambaye hata sisi wanafunzi tulimwita Bwana Stoo.

Alasiri moja ya Jumatano nilikuwa ndani ya ile sufuria kubwa, kichwa na mabega, nikikwangua ukoko wa uji, nikasikia ufunguo ukigeuka. Bwana Ireri alisema kwa Kiswahili, kama alivyozoea kusema na wapishi akiwa anatoa amri.

"Chukua hiki kikapu. Peleka kwa yule mama wa kibanda cha mwisho sokoni."

"Ni cha nini, Bwana Stoo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Karimi.

"Ni cha kupeleka."

"Ni kizito. Ni sukari?"

"Wewe unataka kazi ama unataka maswali? Mwambie ni mimi nimekutuma."

Nikachungulia chini ya ukingo wa sufuria. Niliona miguu tu, viatu vya ngozi vya Bwana Ireri na ndara za mpira za Mama Karimi. Ndara zilisimama muda mrefu. Kisha kikapu kikanyanyuliwa, kikalia kidogo, na ndara zikaenda. Mama Karimi alirudi baadaye. Aliketi kwenye kigoda akatazama moto, na viazi vyangu vikaungua bila yeye kugundua.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kumwambia Madam uso kwa uso nisingethubutu, kwa maana alikuwa mwanamke wa kuuliza maswali matano kabla hujamaliza sentensi moja. Marigu nilitaka kumwambia, lakini nilikumbuka kwamba wiki iliyopita nilimwona akicheka na Bwana Ireri kwenye lango, nikanyamaza. Ijumaa nikiwa nimefungua daftari, wazo likanijia, na lilinifurahisha kwa ujanja wake. Kama Mwalimu Njeru ni sikio la Madam, basi acha sikio lisikie. Nitaandika ukweli, upite kwenye njia ile ile iliyomvua kapteni beji. Bwana Ireri atanaswa, na Mama Karimi atatoka kwenye hatari kabla mtu mwingine hajamwona na kikapu. Nilimwacha Yona na samaki wake. Kichwani nilikuwa nayo tayari kwa Kiswahili, na ilisikika vizuri kabisa: Mama Karimi ndiye mama aliyemtuma Bwana Ireri apeleke kikapu cha sukari sokoni. Nikaihamisha neno kwa neno, kwa mwandiko wangu bora: "Mama Karimi is the woman who sent Mr Ireri to take the basket of sugar to the market." Nikayakusanya madaftari, nikalipanga langu la juu kabisa, nikayaweka mezani karibu na mlango wa Madam.

Jumatatu gwaride lilimalizika bila neno. Nilikaa nikimngoja Bwana Ireri aitwe. Saa nne tulipokwenda kunywa chai, nusu ya juu ya mlango wa jikoni ilikuwa imefungwa. Chai iligawiwa na mpishi mdogo aliyekuwa amevimba macho. Nikatoka nje na kikombe changu, na kwa upande wa lango nikamwona Mama Karimi akienda, beseni kichwani, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Hakuwa analia. Bwana Ireri alimfungulia lango mwenyewe, ufunguo wa stoo ukicheza kwenye mshipi wake.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Sikujilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo. Nilijua nimeandika ukweli. Kwa hiyo kuna mtu aliyeugeuza, na niliwatazama wote mmoja mmoja nikimtafuta. Daftari liliporudi nilikimbilia sentensi ile, nikakuta alama ya vema ya wino mwekundu, ndefu na ya kujiamini. Vema! Nikaona kila kitu. Mwalimu ameisoma, ameielewa, na ameenda kumwonya Bwana Ireri. Labda wanagawana. Labda Marigu naye alichungulia nilipokuwa naandika. Nilihamisha vitu vyangu upande wa pili wa dawati nikaweka kamusi katikati yetu. Aliponiuliza nimekosewa nini, nilimjibu kwa Kimeru cha ndani ambacho nilijua hatakielewa. Kwa wiki tano nilikula peke yangu, nikinusa kila kikombe, na nilipeleka madaftari mezani huku nikiwa na chuki ya kweli kwa yule mtu mwenye koti la kahawia.

Basi ikafika siku ya whom, neno la mtu anayetendewa. Mwalimu aliingia, akaandika ubaoni sentensi mbili, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ilimhusu mwanamke aliyemtuma mwanamume. Ya pili ilimhusu mwanamke ambaye mwanamume alimtuma. Akageuka.

"Nani ametumwa kwenye ya kwanza?"

"Mwanamume," darasa likajibu.

"Na ya pili?"

"Mwanamke."

"Sasa sikilizeni. Mkisema kwa Kiswahili, mwanamke aliyemtuma mwanamume, nani ametumwa?"

Darasa likagawanyika. Wengine walisema mwanamume, wengine mwanamke, wakaanza kubishana na kucheka. Mwalimu alifurahi. "Mnaona? Kiswahili kinaruhusu yote mawili. Mnajua ni nani kwa sababu mnawajua watu wenyewe. Kiingereza hakiwajui watu wenu. Kinaangalia nani ametangulia tu."

Kicheko cha darasa nilikisikia kikienda mbali. Nilifungua daftari langu nyuma, nikaipata sentensi yangu, nikaisoma kama ambavyo mtu asiyemjua Mama Karimi angeisoma. Ilikuwa sahihi. Haikuwa na kosa hata moja. Ilisema kwamba Mama Karimi ni mwizi na Bwana Ireri ni mtu aliyetumwa. Nikatoka nje bila ruhusa, daftari likiwa bado wazi mkononi.

Baada ya masomo nilikwenda chumba cha walimu. Mwalimu Njeru alikuwa peke yake, anachemsha maji kwenye birika lililopoteza mkono. Nilimwekea daftari mbele yake na kumweleza kila kitu nikiwa nimesimama, hata habari ya kumdhania kuwa jasusi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikujua pa kusimamia. Alisikiliza mpaka mwisho. Maji yakachemka yakamwagikia jiko.

"Mimi sikumpa mtu yeyote daftari lako," akasema.

"Madam alijuaje, Mwalimu?"

Alitazama mlango wa ofisi, akatazama meza. "Mimi ni mgeni hapa. Walimu wageni hukaguliwa. Kila Jumamosi anapitia madaftari aone kama nasahihisha vizuri." Akapitisha kidole juu ya ile vema nyekundu. "Mimi niliangalia sarufi. Nilidhani umetunga, kama Yona. Sikufikiri kwamba ni watu."

"Ulituambia tuandike watu."

"Nilisema hivyo." Akakaa chini. "Nilisema hivyo, Kananu."

Mara ile ile akaniongoza hadi kwa Madam. Ofisi yake ilinukia dawa ya sakafu, na viti vyote viliwekwa mbali na meza ili mgeni apaze sauti. Hapo ndipo nilipojua yaliyotokea. Alipoisoma sentensi, alimwita Bwana Ireri akamuuliza kama ni kweli mpishi alimtuma. Bwana Ireri, ambaye pengine alikuwa ameingia akidhani ameshikwa, alikuta mlango umefunguliwa mbele yake. Akasema ndiyo, Madam, alinituma, aliniambia ni mahindi yake, kumbe ni sukari ninayompimia ya chai. Mama Karimi alipoitwa akasema yeye ndiye aliyetumwa, lakini hilo ni jambo ambalo mtu yeyote aliyeshikwa angelisema. Na tayari kulikuwa na maandishi.

"Msichana ameandika kwa mkono wake," Madam akasema. "Na wewe Mwalimu umeweka vema. Sasa mnaniambia nini?"

"Ninasema alikosea, Madam. Nami pia."

"Kila aliyeandika jambo zito husema baadaye kwamba alikosea. Marafiki wa huyo mpishi wamekwisha kumfikia msichana huyu na kumshawishi. Nendeni."

Tulitoka. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Jumamosi hiyo Mwalimu alichukua baiskeli yake akaenda hadi nyumbani kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mkulima mmoja wa chai, akimruka Madam. Ilikuwa hatua ya kumharibia mtu kazi, na nafikiri ilimharibia, kwa sababu mwaka ulipokwisha alihamishwa na hatukuambiwa sababu. Sikumshukuru. Nilikuwa nimezoea kumshuku kiasi kwamba, hata alipokuwa akisukuma baiskeli kwenye kile kilima, nilisimama dirishani nikijiuliza anataka kupata nini.

Bodi ilikaa wiki ya mwisho ya muhula. Nilipofika kwenye baraza la ofisi nilimkuta Mama Karimi kwenye benchi, amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa ameitwa akae tayari. Alikuwa amekonda. Tangu alipoondoka alikuwa akichuma chai kwenye mashamba ya watu. Nikaketi kando yake kwa sababu benchi lilikuwa moja.

"Mama, ni mimi niliandika," nikasema.

"Uliandika nini?"

"Kwamba ni wewe ulimtuma Bwana Stoo."

Aligeuka akanitazama. "Wewe? Mimi nimekuwa nikilaumu yule mwalimu mwembamba. Kila asubuhi nikiamka ninamlaumu yeye."

"Nilitaka kusema ni Bwana Stoo alikutuma. Ilitoka vibaya."

"Kwa Kiingereza."

"Ndiyo, Mama."

"Na kwa Kiswahili ulikuwa unasema aje?"

Nikaisema. Mama aliyemtuma Bwana Ireri. Aliisikiliza akiwa amefumba macho. "Hiyo iko sawa," akasema. "Hiyo mimi naisikia. Ni mimi nimetumwa." Kisha akayaondoa macho yake kwangu na hakuyarudisha.

Nikaitwa ndani. Walikuwa wazee watano na Madam, na Bwana Ireri ameketi pembeni, kofia ya sufi magotini. Mwenyekiti aliniambia niseme kwa lugha ninayoitaka, na nikasema kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi, bila kuunganisha kitu na kitu. Bwana Ireri alifungua stoo. Bwana Ireri alileta kikapu. Bwana Ireri alisema peleka. Mama Karimi aliuliza. Bwana Ireri alimtisha. Mama Karimi alipeleka.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani ya sufuria."

Mzee mmoja alitaka kucheka akajizuia. Mwenyekiti akamgeukia Bwana Ireri akamwambia amtaje mama wa kibanda cha mwisho, ili aitwe. Bwana Ireri akaushika ule ufunguo kwenye mshipi. Alisema hamjui. Mwenyekiti akasema ajabu, kwa maana yeye amempa lifti mama huyo asubuhi hii, naye yuko kwenye gari lake pale nje. Bwana Ireri akaufungua mshipi, akauweka ufunguo mezani. Wazee wakaongea wao kwa wao kidogo, kisha nikaambiwa nitoke nikamwambie Mama Karimi kwamba anaweza kurudi kazini kesho.

Nilitoka mbio. "Mama Karimi, wamesema urudi kazini! Kesho!"

Hakuinuka. "Na wamesema sikuiba?"

Nilifikiri. Nilipitia maneno yote niliyoyasikia mle ndani, moja moja. "Hawakusema hivyo."

"Basi rudi uwaulize."

"Mama, siwezi. Ni bodi."

"Uliweza kuandika," akasema, bila hasira. "Rudi."

Nikarudi nikabisha hodi. Wote walinitazama. Nikasema kwamba Mama Karimi anauliza kama wamesema kwamba hakuiba. Mwenyekiti akamtazama Madam, wala hakuyaondoa macho yake. Madam aliinuka akajinyoosha sketi, akapita mbele yangu hadi barazani, akasimama mbele ya lile benchi. Ng'ambo ya kiwanja wapishi walikuwa wamejaa kwenye mlango wa jikoni, viwiko vyao juu ya ile nusu ya chini.

"Hukuiba, Mama Karimi," akasema.

Mama Karimi akageuza kichwa akatazama jikoni, kisha akamtazama tena Madam.

"Sema tena," akamwambia. "Wale wasikie."

Na Madam, ambaye hatukuwahi kumsikia akirudia neno, akageuka kuelekea kiwanjani na kupaza sauti.